La Tano Kutoka Stoo

Halima, meneja wa nyumba ya wageni, alikuwa amefika kwenye sale la saba, kibunda cha utepe mwekundu mkononi, Marta alipotoka na beseni la mashuka. Halima alifunga utepe vizuri, fundo na mkia, kama anayepamba ukumbi wa harusi.

"Shikamoo, Mama Marta."

"Marahaba. Unafanya nini hapo, mwanangu?"

"Nawawekea mafundi alama. Issa na wenzake wanaanza kesho asubuhi. Haya yote yanang'oka." Alionyesha kwa mkono mstari mzima wa masale, ile mimea ya majani marefu, kuanzia nyuma ya jiko mpaka ukingoni, pale ardhi inapokatika na chini kabisa unaona tambarare za Mkomazi. "Tunajenga jukwaa la mbao. Wageni wakae hapa na kahawa yao waangalie jua likizama. Bosi anataka liwe tayari kabla ya Nanenane."

Marta alitua beseni chini. Mashuka mabichi ni mazito, hata wewe ungeyatua.

"Yote?" aliuliza.

"Yote, mama. Ni majani tu hayo."

Nyumba yenyewe ilijengwa na Mjerumani kabla ya ile vita ya kwanza. Kuta zake ni za mawe, sakafu ni ya mbao na inalalamika kila unapoikanyaga. Ilipita kwa Mgiriki, ikapita serikalini, ikapita kwa watu ambao hakuna aliyewahi kuwaelewa vizuri, na sasa ni ya bwana mmoja wa Dar es Salaam anayeipangisha kwa siku kupitia simu. Watu wa mjini wanaipenda sana nyumba ile, kwa kuwa hawajawahi kuifagia. Wanapiga picha bafu la chuma lenye miguu, ambalo Marta hulijaza kwa ndoo za maji ya moto kutoka jikoni. Wanapiga picha na kaburi la mbwa. Ndiyo, mbwa. Yule Mjerumani alimzika mbwa wake chini ya mpeasi, akamchongea jiwe lenye jina na mwaka, na jiwe lipo mpaka leo. Kila Ijumaa Marta hulisugua kwa brashi, kwa sababu limetajwa kwenye tangazo la nyumba, na mgeni akilikuta na ukoga analalamika.

Kaburi la mtoto wa Marta halikutajwa popote.

Scholastica aliishi siku kumi na moja. Ilikuwa masika, na mwaka ule barabara ya kwenda kwao Rangwi ilikatika sehemu tatu, udongo wa mlima wote ukalala njiani. Homa ilimwanza mtoto Jumatano. Jirani mmoja wa pale kwenye vyumba vya wafanyakazi alimbatiza kwa maji ya sufuria, akiogopa asije akaondoka bila jina, na Alhamisi mchana mtoto akaondoka nalo. Mtu huzikwa kwao, kwenye shamba la ukoo, hilo halina mjadala. Ila kwao hakukufikika. Msimamizi wa shamba la nyumba ile akaruhusu azikwe nyuma ya jiko, kwa sharti kwamba hakutakuwa na msalaba wala saruji, mwenye shamba asije akaona. "Mvua zikiisha mtamhamisha," alisema, na kwa kweli alisema kwa upole.

Silvano, mume wa Marta, aliyekuwa mtunza bustani, alipanda sale juu ya kaburi. Sale ndiyo alama ya huku milimani: linawekwa mpakani, linawekwa kaburini, na mwenye adabu zake haling'oi. Mvua ziliisha. Kuhamisha kaburi kunataka wazee, kunataka padri, kunataka mbuzi na ruhusa, na kila mwaka kimoja kati ya hivyo kilikosekana.

Kosa lilikuja miaka minne baadaye, na lilikuwa la kwao wenyewe. Mwenye shamba wa wakati ule aliliona lile sale limestawi, akalipenda, akamwagiza Silvano apande mstari mzima mpaka ukingoni. Sale halina makuu. Unakata kipande cha shina, unakichomeka ardhini, kinaota. Silvano akakata vipande kwenye sale la mtoto, kwani ndilo lililokuwepo. Marta ndiye aliyevibeba kwenye beseni. Tena tuseme ukweli, alifurahi. Msalaba walinyimwa, lakini sasa kaburi limefichwa katikati ya uzio wa mwenye shamba mwenyewe, na nani atang'oa uzio wake? La tano kutoka kona ya stoo. Alihesabu, akarudia kuhesabu, akaona hili hata mlevi hawezi kulisahau.

Stoo ikabomolewa. Lori la mbao likarudi nyuma vibaya, likalaza masale kadhaa, wakachomeka mengine. Ukaja ukame, wakaja mbuzi, zikaja panga za kusawazisha yote yawe kimo kimoja. Masale hayana sura, ukiyatazama sana ndiyo yanazidi kufanana. Kwa miaka Marta alikuwa akipita na maji ya vyombo na kusalimia moja kimoyomoyo, kwa Kishambaa, kama unavyomsalimia mtoto aliyeamka. Siku moja akagundua kwamba amehama bila kujua, anasalimia jingine. Aliona aibu ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Mama gani anapotelewa na kaburi la mwanawe, naye analala hatua thelathini kutoka pale?

Jioni ile alimkuta Silvano barazani anachambua maharage, mguu wake mbovu ameunyoosha juu ya gunia. Ukungu ulikuwa umeshafika kwenye paa la jiko.

"Wanang'oa masale," Marta alisema.

"Nimeona utepe."

"Kesho asubuhi."

Silvano aliendelea kuchambua. Mabovu aliyatupia kuku, mazima akayaacha kwenye ungo. "Basi kawaambie," alisema. "Yule binti si mbaya. Muonyeshe lile letu waliache."

Marta alikaa chini. Aliushika ukingo wa ungo ili akome kuchambua.

"Kamuonyeshe wewe, Silvano. Wewe ndiye uliyepanda."

"Mimi?" Alimtazama. "Mimi nimepanda na kupandua mara ngapi pale? Wewe ndiye unayepita kila siku. Nakuona. Unapunguza mwendo."

"Napunguza, ndiyo."

"Si unalijua?"

Marta aliushikilia tu ukingo wa ungo, na mzee akaelewa. Mikono yake ilibaki imetulia ndani ya maharage. Kumbe miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake. Yeye alilala usingizi akijua mama wa mtoto analijua. Na Marta, katika siku zake mbaya kabisa, alikuwa akijifariji kwamba siku ikibidi atamuuliza Silvano. Sasa siku imebidi. Walikaa pale mpaka maharage hayakuonekana tena, kisha Silvano akasema kuna baridi, waingie ndani.

Asubuhi Marta alimwendea Halima kabla hajavaa hata aproni. Alimkuta kwenye ngazi za mbele, na akamwambia yote akiwa amesimama, kwa maneno machache: mtoto, mvua, msimamizi, sale. Hakusema habari ya kusahau.

Halima aliketi kwenye ngazi. Ana miaka ishirini na tisa, amesomea mambo ya hoteli, na shikamoo yake ni ya moyoni, si ya mdomoni tu. Machozi yalimlengalenga.

"Mama Marta. Miaka mitatu tuko wote hapa. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza, mwanangu. Hapa watu wanauliza habari za mbwa."

Halima aliinamisha kichwa. Baadaye alipanda mpaka kwenye mpeasi, mahali penye mtandao, akaongea na simu kwa muda mrefu, mkono mmoja kiunoni. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyepigania kitu akapewa nusu.

"Bosi amekubali tuache moja. Tutalizungushia mawe, jukwaa lipite pembeni. Wageni tutawaambia ni mti wa zamani, basi. Nimemwomba tuache yote, amekataa. Mbao zimeshapasuliwa na wageni wa Agosti wameshachukua nafasi." Alimshika Marta mkono. "Nionyeshe, mama. Nakuahidi halitaguswa."

Walikwenda. Issa na vijana wake wawili walikuwa wameshafika, wameegemea majembe, wananong'ona kwa heshima. Mstari ulikuwa mbele yao, masale thelathini na kitu, kila moja na utepe wake. Marta alitembea kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudi. Alitamani ardhi imwambie kitu, mguu ukatae kwenda mbele. Hakuna kilichotokea. Aliona majani yenye umande, na siafu wakivuka njia. Akisema hajui, yote yanang'oka, na bosi kule Dar atasema huyu mama anatunga hadithi ili kazi isimame. Alifungua mdomo, ila Silvano akamtangulia.

"Ni hili."

Silvano alikuwa amekuja nyuma yao na fimbo yake. Alikwenda moja kwa moja, mguu mbovu na yote, akaweka kiganja juu ya sale lililo karibu zaidi na dirisha la jiko, zuri kuliko yote, linalopata jua la asubuhi. Alilishika kama mtu anavyoshika bega la ndugu yake.

"Hili hapa," alisema tena, akimtazama Halima wala si mkewe. "Nililipanda kwa mkono wangu."

Halima alifungua utepe, akaukunja, akautia mfukoni. Alikuwa analia waziwazi sasa. "Asante, babu. Poleni sana. Poleni."

Marta alilitazama lile sale. Kama kuna moja katika mstari mzima ambalo alikuwa na hakika nalo, ni lile. Alilichomeka yeye mwenyewe baada ya lori la mbao, akiwa na mimba ya Kristian, kitindamimba wao, na alikumbuka jinsi alivyoshindwa kuinama, akalishindilia kwa kisigino. Chini yake hapakuwa na mtu.

Alimkaribia mumewe. "Kwa nini?" aliuliza kwa Kishambaa, chini chini.

"Ili upate pa kutazama," Silvano alijibu. "Mimi pia."

Marta alitaka kumchukia na hakuweza. Alitaka kusema sio, na akaona Halima anafuta macho kwa ncha ya mtandio, akaona majembe, akaona kwamba neno lolote sasa litaliondoa hata hilo moja. Akalimeza. Lilikuwa chungu mdomoni kama kwinini.

Issa ni mtu mzima. Amechimba misingi na makaburi maisha yake yote, na uso wa mwanamke aliyesimama juu ya kaburi la mwanawe anaujua. Wengine walipoondoka alimfuata Marta mpaka mlangoni pa jiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Issa."

"Ni lile kweli?"

Marta alitazama mikono yake.

"Haya," Issa alisema. "Mimi nitachimba taratibu, na vijana nitawaambia. Nikikuta chochote nitasimama."

Wageni waliamka saa tatu. Ilikuwa familia ya watu wanne kutoka Dar, wamejifunga mablanketi ya nyumba mabegani, wanafurahia kuona pumzi zao zinavyotoa moshi. Walitaka mkate wa moto, maana kwenye simu walisoma kwamba mkate unaokwa humu humu kwenye jiko la kuni la zamani. Marta alichochea kuni, akamimina unga mezani, akaanza kukanda. Nje majembe yalikuwa matatu. Mawili yalikuwa ya vijana, ya haraka, na moja lilikuwa la Issa, zito, lenye nafasi katikati. Aliyatenganisha kwa sikio bila kujitahidi.

Mama wa ile familia aliingia kuomba maji ya moto. Alikuwa mtu mchangamfu, hana baya. Aliegemea mlango akaangalia dari, akaangalia masufuria.

"Eti mama, nyumba ya zamani hivi, haina mizimu kweli?"

"Hapana," Marta alisema. "Ina panya."

Mgeni alicheka sana. Alisema watoto wake hawakulala, kila ubao ukilia wanarukia kitanda chake. Alisema hewa ya huku ni nyingine, angepata kazi huku angehama kabisa, mtu unaishi kwa utulivu. Marta alikanda. Kusukuma, kukunja, kugeuza. Issa yuko sale la sita sasa, au la saba. La kumi. Donge lilikuwa limeshalainika muda mrefu, lingetosha kuumuliwa, naye aliendelea kulisukuma kwa sababu mikono ikisimama masikio yatabaki peke yake.

"Na kile kikaburi cha mbwa," mgeni aliendelea, "jamani kimenigusa. Watu wa zamani walikuwa na upendo."

Jembe la Issa lilisimama.

Vijana waliendelea, kisha jembe lao moja likanyamaza, kisha na la pili. Kuku mmoja alilia huko barazani kwao. Mgeni alikuwa anauliza kama mkate utachelewa, ili awaambie watoto waende kwanza kupiga picha.

"Dakika arobaini," Marta alisema. Aliiacha mikono yake ndani ya unga, hakugeuka dirishani, akangoja jembe lianze tena.