Kuguswa kwa Naliaka

Jumamosi jioni Naliaka alikuwa anakata sukuma wiki nje ya nyumba yake ya mabati, huko Karagita, Naivasha, mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Akauacha. Sukuma ikatoka nyembamba kuliko siku zote, na watoto wakala bila kusumbua.

Alikuwa ameshatoka kazini mapema wiki hiyo kwa sababu ya vidole kufa ganzi. Huko kazini, kwa grinihausi za waridi, zile nyumba za nailoni za kukuzia maua, kuna kliniki. Nesi alimgonga goti na kinyundo, goti likanyamaza, nesi akasema, "Mama, neva zako zimeguswa." Akampa tembe za kichwa.

Basi Jumapili Naliaka akamwambia Pasta Sitati vile alivyoambiwa, kwamba ameguswa. Kwa kanisa lile neno hilo lina maana moja tu, kuguswa na Mungu. Akaitwa mbele. Pasta akaushika ule mkono, na mkono ukaongea. Sauti ilimpanda pasta kama ule umeme wa mtu akigonga kiwiko kwa mlango, nayo ikasema kwa Kibukusu kisafi: "Usiingie kabla dawa haijakauka."

Watu wakapanga foleni. Njoki, ambaye hufanya kazi laini moja na Naliaka, aliisikia kwa Kikuyu. Mzee mmoja kiziwi naye aliisikia, akalalamika kwamba inampigia kelele.

Sasa, kila mtu Karagita anajua dawa. Ni ile inayonyunyiziwa maua. Kwa mlango wa grinihausi kumechorwa fuvu la kichwa, na chini yake kumeandikwa mtu angoje majani yakauke. Lakini wazungu wanataka waridi zao mapema, kwa hivyo hakuna anayengoja. Njoki akauliza kama labda sauti inamaanisha dawa tu, ile ya kazini. Pasta akamwambia asilete mambo ya kazi kanisani. Dawa ni Neno, akasema, na Neno likauke moyoni kwanza kabla mtu hajaingia ulimwenguni. Wakasema amina.

Naliaka hakutaka ukubwa. Alitaka kuhamishwa apelekwe pakihausi, kule maua yanafungwa, kabla miguu haijafuata mkono. Tayari alishafika nyumbani na slipa moja, na ule mguu mwingine haukuwa umemwambia.

Jumapili iliyofuata akaja Kigen, supavaiza wao, na suti. Akaushika mkono, akasikia Kitugen cha kwao Baringo, akalia machozi. Naliaka akaona hapo ndipo pa kuombea. Akaomba ahamishwe. Kigen akasema ataongea na wakubwa, na kweli aliongea.

Jumatatu akamngoja kwa mlango wa grinihausi.

"Mathe, pakihausi hutaenda."

"Kwani nimekosa nini?"

"Hujakosa. Mtu hatolewi mahali Mungu amemgusia. Na vile umeguswa, waridi za laini yako zimerefuka. Wewe ni baraka yetu."

"Na hii miguu?"

"Hiyo tutaiombea."

Ikawa sheria. Kila asubuhi wafanyakazi wanamsalimia Naliaka kwa mkono mlangoni, kila mmoja anaambiwa kwa lugha ya mama yake asiingie, anasema amina, anaingia. Kuna wanaotoka na utani, ati leo imeamka na hasira. Waithera wa laini ya pili ameanza kutetemeka mdomo, na Pasta Sitati ameagiza viti vingine.

Naliaka mwenyewe hakuwa amewahi kuisikia ile sauti. Asubuhi moja wote walikuwa wameshaingia, akawa anafunga vifungo vya koti, vinamshinda, akaushika ule mkono wa kulia kwa ule wa kushoto ili utulie. Ukamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, vile alivyofundishwa kusikiliza wakubwa.

"Nimesikia," akajibu.

Ndani majani yalikuwa bado yanadondosha dawa. Akainama, akaingia, akavuta mlango nyuma yake, maua yasipigwe na baridi.