Fungu la Tano

Mtafiti alikuwa amebakiza siku tisa kutetea tasnifu yake, na roho ilikuwa juu. Miaka minne, jamani, miaka minne mtu anachungulia hadubini, anatazama chembe ndogo kuliko vumbi zilizotulia ndani ya tone la maji, kila moja ya mviringo, imepakwa kiraka upande mmoja. Viraka hupenda kushikana, basi chembe hujipanga zenyewe mistari kwa mistari, zikawa fuwele, kama ile ya chumvi. Hilo lilijulikana zamani. Jipya lake lilikuwa hili: kwamba ndani ya fuwele hiyo viraka navyo vinatazama upande mmoja, tisa katika kila kumi. Profesa wake alikuwa ameshalitangaza kwenye mikutano miwili, kifua mbele.

Kilichobaki ni kazi ndogo. Mtahini mmoja mkorofi alitaka mtu asiyejua lolote asome upya mielekeo ya chembe mia tano. Mtu wa namna hiyo alikuwepo nyumbani: mama mkwe, fundi cherehani mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo. Mguu wake ulikuwa kwenye plasta, mdomo haukuwa.

"Mwanangu, nipe kazi. Nikizidi kuitazama dari hii nitaanza kuisemesha."

Mtafiti akachapa picha, kila chembe kwenye kadi yake, akazichanganya vizuri. Akapanga visahani vinne mezani: juu, chini, kulia, kushoto.

"Angalia tu kiraka cheusi kimeelekea wapi, mama. Basi."

Alasiri aliporudi kutoka maabara alikuta mafungu matano. La tano lilikuwa juu ya kitambaa cha meza, kadi mia moja na hamsini.

"Na hizi?"

"Hizo sijui."

"Mama, lazima kila moja iwe na upande."

"Lazima ya nani? Nimezitazama na miwani, nimezitazama bila miwani. Ukungu mtupu. Mimi nisichokiona sikisemi. Kwani wewe ulizionaje?"

Mtafiti akaokota kadi moja. Alizionaje? Kwenye programu ya kusomea mielekeo aliyojitengenezea mwaka wa kwanza palikuwa na vibonye vinne tu. Cha kusema sijui hakukiweka, wala hakikumjia akilini. Kila alipokutana na chembe yenye ukungu alitupia jicho majirani zake, akaona wametazama kulia, naye akabonyeza kulia. Hakudanganya, masikini. Lakini sehemu kubwa ya ule mpangilio mzuri ilitoka kwenye kidole chake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata alirudi kwenye filamu za hadubini alikotoa zile picha, akazifuata zile za fungu la tano picha kwa picha. Zilikuwa zinazunguka! Zimekaa palepale kwenye mistari yao, lakini zinageuka huku na huku, na kamera haikuziwahi. Ule ukungu ulikuwa mwendo. Zilizobaki nyingi zilitazama kulia, ndiyo, lakini ukihesabu zote mia tano ni sita katika kumi tu.

Akaenda kwa Profesa, akamweleza yote bila kupumzika. Profesa akavua miwani.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama mkwe wangu."

"Anaelewa maana yake?"

"Hapana."

Mtafiti aliogopa kwamba Profesa angemwambia aache hivyohivyo, na aliogopa zaidi kwamba yeye angekubali. Kwa hiyo akamuwahi.

"Naomba tuahirishe. Nianze upya kuzihesabu zote."

"Ni mwaka mzima huo. Na mimi nimeshasema mbele za watu."

"Najua, Profesa."

Profesa akashusha pumzi. "Andika barua. Nitatia saini."

Nyumbani alijikaza mpaka mlangoni, kisha akalia kwa kwikwi mbele ya mama mkwe, akasema kila kitu. Uso ukamshuka bibi yule. Ndugu wa pande zote mbili walikuwa wameshaalikwa kwenye sherehe ya kumpongeza, wengine wameshakata tikiti.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ndiyo, mama," alisema Mtafiti, na kicheko kikamtoka katikati ya machozi. "Ni wewe."

Mama Vifungo akavuta simu yake, akabonyeza namba ya kwanza.

"Shemeji? Ile sherehe haipo. Hapana, hajafeli. Nimemzuia mimi, kama una neno niambie mimi."

Akakata, akatafuta namba iliyofuata.