Enkanita Alimchukua Nani

Mimi nasema hivi, na anayetaka kubishana anipate hapa Uthiru kwenye karakana yangu ya makochi: hakuna kipindi cha tivi kilichowahi kuonyeshwa nchi hii kikamshinda Enkanita. Na nimeona vingi. Zile sinema za Wachina nimeona. Mtu anaruka ukuta wa ghorofa na viatu vya kitambaa, na stering, yule shujaa mwenyewe, hata apigwe namna gani hafi, kwa sababu bado hajalipiza kisasi cha mwalimu wake. Nazipenda mno. Stering akivua shati tu, mimi nasimama, na aliye nyuma yangu ajue la kufanya. Za Nigeria pia tamu, lakini mchawi akitokea mwanzoni, mkanda wa nne bado anazunguka na kibuyu chake na wewe unanunua tu. Zinazonichekesha ni za polisi wa Marekani. Mama anapiga simu, hajaiweka chini, magari yamejaa nje, taa zinawaka. Hapa kwetu ukiwapigia wanakuuliza kama unaweza kuwatumia gari. Mimi hiyo siiiti sinema ya polisi. Hiyo ni hadithi ya mbinguni.

Lakini Enkanita! Kwao Meksiko aliitwa Encarnita, sisi kwa ploti, wapangaji wa ua mmoja, tukamnyoosha jina akawa wetu. Msichana wa jikoni, ana mtoto mdogo, na wanaume wawili wanamtaka. Mmoja ni daktari Leandro, mwenye nyumba ya ngazi za marumaru. Mwingine ni Fermini, anachunga farasi za wenyewe na shati lake ni lile lile tangu kipindi kianze.

Mke wangu Kaluki alikuwa upande wa Fermini. Mimi nilikuwa wa daktari. Tulibishana hadi githeri ikaungua.

"Huyo daktari wako anatafuta yaya wa bure," Kaluki ananiambia. "Umeona vile anamshika mkono? Kama mtu ameshika mwavuli."

"Na huyo wako ana nini? Mtoto atakunywa maziwa ya farasi?"

"Afadhali farasi, Baba Mbithe. Farasi hana mama mkwe kama yule mama wa daktari!"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nawaambia, tulikuwa na raha.

Kaluki alifariki mwezi wa nne, kipindi hakijaisha. Alifia hospitalini akingojea dawa ambayo wakubwa walitangaza kwa redio kwamba imenunuliwa. Waliinunua wakaiweka wapi? Nimeuliza, sijajibiwa, na waliotangaza bado wanaendeshwa kwa magari makubwa. Siku ya mwisho tuliyozungumza hakuniambia habari za shamba. Alisema, "Ikiisha, uje uniambie alimchukua nani." Nikamwambia ataona mwenyewe.

Hakuona. Basi nikajipa kazi moja tu mwaka huo. Mwezi wa Disemba tungeenda kwao Kangundo, alikozikwa, kumwekea msalaba wa saruji, na siku hiyo ilikuwa lazima niwe na jibu. Nikaangalia kila jioni, mimi peke yangu kwenye kochi la watu wawili.

Sasa sikieni walichofanya. Ilikuwa mwaka ule wa kura ya katiba, ndizi ni ndiyo na chungwa ni hapana. Tumefika wiki ya mwisho kabisa, Enkanita kesho yake ni harusi, hatujui anaolewa na nani. Nimefunga kazi mapema. Nawasha tivi, naona mheshimiwa juu ya gari ameinua ndizi. Kesho yake mheshimiwa mwingine na chungwa. Wiki nzima matunda! Kura ikaisha, nikasema sasa watatuonyesha. Wapi! Wakaanza kipindi kingine kabisa, cha Wafilipino, kana kwamba Enkanita hakuwahi kuzaliwa. Hata pole hawakusema. Mtu ameketi ofisini na shingo imefunikwa na tai, anaamua wewe usijue mwisho. Ndivyo wanavyotufanyia kwa kila kitu.

Sikukubali. Siku niliyopeleka viti ofisi moja ya Upper Hill, niliteremka moja kwa moja hadi River Road, kwa kijana anayeitwa Mungai, muuza sidii juu ya duka la misumari.

"Niaje mzee. Nikupatie ya vita?"

"Nataka Enkanita. Ya mwisho."

"Hiyo ni ile ya kulia?" Akanitazama kutoka kofia hadi viatu. "Ni ya mama nyumbani?"

"Ni yangu."

"Mzee wewe ni moto!" Akawaita wenzake waje wanione. Wakacheka, nikawaacha wacheke, mradi wanitafutie. Mungai alisema ana mtu anayeleta mzigo kutoka nje, nirudi. Nilirudi, nikaambiwa bado. Nikarudi tena, akanitolea sidii kwenye bahasha ya khaki, juu imeandikwa kwa kalamu ya rangi: ENCARNITA FINAL. Nilitembea mjini nimeishika kifuani kama mtu amebeba mayai.

Jumapili baada ya kanisa tulijaa nyumbani kwa jirani aitwaye Wangu, Mama Ciru, muuza mboga wa hapo nje, kwa sababu yeye ndiye mwenye deki ya kuchezea sidii. Wengine walikaa kwa kitanda, wengine chini, wengine wakachungulia dirishani. Muziki ule wa mwanzo ulipoanza watu walipiga makofi.

Enkanita akafungua mdomo. Kikatoka Kimeksiko.

Ile ya tivi ilikuwa imewekewa sauti za Kiingereza. Hii ya Mungai haikuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji.

"Baba Mbithe, umeuziwa hewa!" mtu akasema kutoka dirishani.

Lakini Wangu hakutaka kushindwa nyumbani kwake. "Nyamazeni. Kwani kwa banda la vidio pale barabarani yule kijana wa kutafsiri anajua Kichina? Si anashika maikrofoni na kusema? Baba Mbithe, simama, wewe unawajua hawa watu kuliko mama zao. Tafsiri."

Nikasimama kando ya tivi. Sauti ikafunguka kama mfereji.

"Enkanita," nikasema kwa sauti ya daktari, "ngazi hizi zote ni zako. Na simu ya mezani ni yako. Ila usiipige sana."

Nyumba ikaanguka kwa kicheko. Mama mkwe akaingia, nikamtafsiri: "Nani ameruhusu huyu kukanyaga zulia?" Watu wakamzomea. Fermini akatokea na farasi, nikampa sauti nzito: "Mimi sina zulia, lakini pia sina mama wa namna hiyo." Wangu akapiga mapaja. "Mwambie! Mwambie Fermini!" Sijawahi kuwa hivyo maishani mwangu, jasho linatoka, watu wananisikiliza kama waziri.

Tukafika kanisani. Enkanita na gauni jeupe, daktari mbele anangoja. Akavua pete, akaiweka kwenye kiganja cha daktari, akasema maneno mawili matatu. Hayo hayakuwa na shida. "Asante," nikasema, "lakini hapana." Watu wakapiga kelele mpaka mbwa wa ploti wakabweka. Nilikuwa nimeshindwa na Kaluki, na nilifurahi, eh, nilifurahi!

Enkanita akatoka nje na mtoto wake. Fermini yuko pale chini ya ngazi. Enkanita akamshika shavu. Akaanza kumwambia maneno, mengi, polepole, na machozi. Halafu yeye na mtoto wakapanda basi, basi likaondoka, na Fermini akabaki ameinua kofia. Ikaandikwa mwisho.

Sikuwa nimetafsiri hata neno moja la hayo.

"Amesema nini?" Wangu akauliza. "Baba Mbithe! Amesema atarudi ama amesema kwaheri?"

"Sijui."

"Si useme tu! Hao wengine umewasema."

Hao wengine niliwasema kwa mchezo. Hili nilikuwa nimetumwa na Kaluki. Ningesema lolote pale na ploti yote ingeliamini, na kesho Uthiru nzima ingelirudia, lakini ningefika Kangundo na uongo mdomoni. Tukarudisha nyuma, tukaangalia tena. Mmoja akasema machozi yale ni ya kurudi. Mwingine akasema mtu wa kurudi habebi sanduku kubwa hivyo. Wakaachana wamenuniana, Wangu akiwa upande wa kurudi.

Mwezi wa Disemba tulienda. Watu wa ukoo walikuwa wamejipanga, mafundi wanachanganya saruji. Nikachuchumaa kando ya kaburi, nikamwambia Kaluki kama vile ningemwambia jikoni. Daktari hakumchukua, hapo umenishinda. Fermini alishikwa shavu. Kisha Enkanita akapanda basi, na maneno aliyosema sikuyaelewa, Kaluki, wakubwa walikikatiza kipindi, nikapata mwisho kwa Kimeksiko.

"Shemeji, Fermini ni nani?" Alikuwa Kavata, mdogo wake Kaluki, amesimama nyuma yangu.

Nikamwambia. Nilianzia jikoni kwa daktari, nikaenda hadi basi, na sauti zote nikazitoa. Wengine wakasogea, mafundi nao wakaegemea sepetu.

"Huyo msichana ni mjinga," Kavata akasema nilipomaliza. "Daktari mzima anamwacha?"

"Mjinga?" Nikainuka. "Kavata, wewe umemwona Fermini akimpa mtoto koti lake siku ya mvua? Umeona? Yule atamngoja pale stendi mpaka basi lichakae! Na Enkanita anarudi. Nakwambia anarudi!"

"Wewe umejuaje?"

"Kwa vile alimshika shavu!"

Tukabishana, na waliokuja kuomba wakagawanyika pande mbili, na saruji ikakauka kwenye karai. Wazee wa ukoo wakaanza kunung'unika kwamba kazi imechelewa. Waache wanung'unike. Wakubwa wote ni wale wale, na hao hawakuwahi kumwona Enkanita hata siku moja.