Shimo la Kimanga

Sévère ndiye aliyesikia kwanza. Alisimamisha jembe hewani, akageuza shingo kuelekea ukuta wa shimo.

"Yaya," alimwambia kaka yake Marcellin, "udongo iko inasema."

Marcellin akatega sikio. Changarawe zilikuwa zinateleza ukutani, zikilia kama mchele unaopepetwa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumapili, na shimo lile la Kimanga, pale Uvira jirani na ziwa, lilikuwa limeshazidi kimo cha watu wawili. Walikuwa wakitafuta vyungu vya watu wa kale. Aliyewaandika kazi alikuwa Mbelgiji, Bwana Desmoulin, mwanachama wa chama cha wataalamu wa mambo ya kale cha koloni zima. Chama hicho kilikuwa na sheria zake, na Bwana mwenyewe alikuwa amewasomea siku ya kwanza: shimo likipita kifua cha mtu, kuta zishikizwe kwa mbao. Lakini wakaguzi wa chama walikuwa njiani kutoka Léopoldville, naye alitaka wakute vyungu vimeshatoka. Mbao zikabaki zimelala kando ya hema.

"Bwana, tupande kwanza!" Marcellin aliita.

"Bado kidogo," sauti ikajibu kutoka juu. "Hicho chungu kimoja tu."

Ukuta haukuanguka kwa kishindo. Ulishuka taratibu, kama mtu anayekaa kitako. Marcellin aliona mgongo wa mdogo wake, kisha hakuona kitu. Udongo ulimbana mpaka kidevuni. Kila alipotoa pumzi ulikaza zaidi, asipate nafasi ya kuvuta nyingine. Chini, mguuni pake, mkono ulimshika. Ulishika kwa nguvu, ukalegea, ukashika tena. Halafu ukaacha.

Marcellin walimtoa akiwa hai. Sévère walimzika kesho yake, kwenye makaburi ya Rugenge.

Kabla watu hawajaisha kutoka matangani, Bigirimana, kapita aliyewasimamia wachimbaji, akaja nyumbani. Hakukaa.

"Bwana anasema Sévère aliingia mu shimo bila ruhusa, kuiba vyungu. Wakaguzi watakuuliza. Sema hivyo hivyo. Ukisema ingine, atakwenda kwa serikali, kwa Bulamatari, aseme mulikuwa wezi wawili. Weye unajua kasho."

Marcellin alilijua gereza hilo. Binamu yake alikuwa ameingia humo na meno yake yote.

"Na weye, Bigirimana? Ulikuwa pale juu."

"Minye iko na watoto," alisema kapita.

Spès, mjane wa Sévère, aliyasikia yote akiwa jikoni. Kapita alipoondoka alitoka, mtoto mgongoni, akasimama mbele ya Marcellin.

"Shemeji, watoto hawa wataitwa watoto wa mwizi?" Kisha akainamisha kichwa. "Lakini sikulazimishi. Weye pia ukipotea, nani atatubakilia?"

Wakaguzi walifika: mzee wa ndevu nyeupe na mama mmoja mrefu, wote wazungu. Watu wakakusanyika kwenye shimo. Marcellin akachungulia. Kuta zote zilikuwa zimeshikizwa kwa mbao, zimepigwa misumari vizuri. Bwana Desmoulin alisimama ubavuni pake, karibu kiasi cha kumsikia akipumua.

Mzee akauliza, kwa Kiswahili cha Katanga: "Siku ile, mbao hizi zilikuwa humu?"

Marcellin alifungua mdomo. Kifua kilibana vilevile kama alipokuwa ndani ya udongo. Akaona meno ya binamu yake. Akamwona Spès katikati ya wanawake, hamtazami, anatazama chini, kama anayemwachia njia ya kukimbia.

"Hapana," alisema, na sauti ikamtoka ndogo. "Zilikuwa kule, karibu na hema. Nilimwomba Bwana tupande. Alisema bado kidogo. Mdogo wangu hakuiba kitu. Alikufa ku kazi."

Desmoulin alipiga kelele kwa Kifaransa. Mzee akamnyamazisha kwa mkono.

"Nani mwingine alikuwepo?"

Bigirimana alivua kofia, akaikunja mikononi mpaka ikawa kama kitambaa cha kudekia.

"Minye," alisema mwishowe. "Anasema kweli. Mbao tulipigilia kisha ya mazishi."

Siku hiyo hiyo wakaguzi walisimamisha kazi. Baadaye habari zikafika kwamba chama kimelifuta jina la Desmoulin, kikaamuru shimo lifukiwe. Lakini chama hakina askari wala hakimu, na serikali iliyokuwa nao haikumwita Desmoulin. Kiangazi kilipofika alikuwa bado Uvira. Motokari yake ilikuwa ikipunguza mwendo mbele ya nyumba ya Marcellin, haisimami, halafu inaendelea. Kila iliposikika, Marcellin alirudi nyuma ya mlango, akiwasukuma watoto mbele yake.

Hatimaye Marcellin aliichukua familia yake pamoja na Spès na wanawe, wakahamia Kamanyola, wakalima mihogo. Huko hakuna aliyewafuata. Siku moja mtoto mkubwa wa Sévère alimwuliza mama yake baba alikufaje, na Spès akamweleza yote kwa sauti ya kawaida, mikono yake ikiendelea kumenya mihogo. Marcellin alikuwa amekaa kibarazani. Motokari ilipita barabarani, ya mfanyabiashara wa chumvi tu. Lakini Marcellin alikuwa ameshasimama, ameelekea mlangoni.