Bangi ya Mfuko Mmoja

Wazungu wawili wa kampuni ya barabara walikuwa kwenye meza yao ya kila Jumamosi, pale baa ya Tonton Constant ukingoni mwa mto, wakivuta bangi mchana kweupe. Chancelle, mhudumu wa baa, aliwaletea liboke, samaki waliopikwa ndani ya majani, na kibiriti, kama kawaida. Siku hiyo gari lao lilikuwa bovu, kwa hiyo walikuja juu ya toleka, zile baiskeli za kubeba abiria. Josué, kijana wa Lubunga, ng'ambo ya mto, aliyembeba mmoja wao, alikuwa amesimama kando akiwangoja.

Mzungu mwenye ndevu nyekundu akamwita, akachomoa msokoto kwenye mfuko wa shati lake, akampa. Josué akacheka, akauchomeka nyuma ya sikio.

Robo saa haikuisha, polisi watatu wakaingia. Walipita karibu kabisa na ile meza, moshi ukiwapiga usoni. Mkubwa wao, adjudant mmoja mnene, akainama kwa heshima.

“Patron, muvute pole pole, batu banaangalia.”

Akawapa mkono wote wawili. Kisha akageuka, akaona sikio la Josué. Wakamlaza chini, wakamfunga mikono kwa kamba, na baiskeli yake wakaitupia ndani ya gari lao. Mwenye ndevu nyekundu alikuwa ameinamisha kichwa juu ya sahani yake, akichambua samaki.

Siku ya kumi na saba, Josué akiwa bado mahabusu, akaja baani mwanamke mwenye faili kwapani. Alikuwa Maître Marthe, wakili wa Josué, naye alimtaka yeyote aliyekuwapo siku ile aje kutoa ushahidi.

“Sikuonaka kitu, maman,” Chancelle akamjibu, akaendelea kufuta meza.

Lakini nyumbani chakula kilimshinda. Upande wa pili wa ukuta alimsikia kaka yake Noël akikohoa. Noël alikaa gerezani miezi minane kwa msokoto mmoja kama ule, akatoka na kifua ambacho hakikupona tena. Yeye alikamatiwa sokoni, akiwa na mzigo wa mtu kichwani. Kulipokucha Chancelle alivaa kitenge chake cha kanisani, akamfuata wakili ofisini kwake.

Tonton Constant alipopata habari alimwita nyuma ya kaunta.

“Bale bazungu ndio banatulisha, weye na miye. Ukienda kule kortini, usirudi hapa.”

“Tonton, nakushukuru kwa miaka yote mitano,” alisema Chancelle. “Lakini miye nitaenda.”

Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kaunta.

Kesho yake chumba cha korti kilijaa waendesha toleka hadi madirishani. Josué alisimama mbele, amekonda, suruali yake imefungwa kwa kamba.

“Sikatai, Monsieur le juge,” alisema. “Alinipa, nikapokea. Ila kama ni kosa, bon, tulikuwa wakosaji watatu.”

Chancelle akaitwa. Alieleza yote kwa utaratibu, kuanzia meza hadi kamba. Mwendesha mashtaka akamtazama kwa dharau.

“Na ulijuaje kama ilikuwa bangi? Pengine ni sigara tu.”

“Miye ndiye nabapelekea kibiriti kila Jumamosi, papa. Na adjudant mwenyewe aliwaambia bavute pole pole. Ni nani anaambiwaka hivyo juu ya sigara?”

Watu wakacheka. Hakimu aligonga meza, lakini hata yeye alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Ndipo Maître Marthe akafungua daftari la kituo cha polisi, ambalo hakimu alikuwa ameagiza liletwe. Katika mwaka mmoja watu mia moja sitini na watatu walikamatwa kwa bangi. Alisoma kazi zao: toleka, mbeba mizigo, mvuvi, toleka, toleka. Alisoma kwa muda mrefu bila haraka. Mzungu hakuwemo hata mmoja.

Hakimu akamgeukia adjudant. “Siku ile uliwaona wakivuta?”

“Niliwaona, Monsieur le juge.”

“Na huyu ulimwona akivuta?”

“Hapana. Alikuwa nayo kwenye sikio.”

“Kwa nini basi ulimkamata yeye na ukawaacha wale?”

Adjudant alipangusa jasho shingoni. “Bale ni bazungu,” alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

Hakimu aliandika maneno yale kama yalivyo. Kisha akasoma uamuzi wake. Katiba inawapa polisi masaa arobaini na nane tu kumfikisha mtu mbele ya mkubwa wa sheria, naye Josué alikuwa amekaa siku kumi na tisa. Sheria ni moja kwa kila ngozi, na iliyofumba macho kwa meza moja haiwezi kuyafumbua kwa sikio la mtu mwingine. Josué yuko huru, arudishiwe baiskeli yake. Na wote ambao bado wameshikwa na kituo kile kwa bangi waletwe mbele yake kabla ya wiki kuisha.

Chancelle hakusikia mwisho wake, maana mama yake Josué alikuwa amemkumbatia na wote wawili walikuwa wakilia. Nje, kengele za baiskeli zilianza kulia, kwanza mbili tatu, halafu mamia. Waendesha toleka wakampandisha Chancelle juu ya toleka ya kwanza, Maître Marthe na faili lake juu ya ile ya pili, wakapita nao katikati ya soko. Wauza pondu, yale majani ya muhogo, walisimama wakiuliza kuna nini.

“Tumeshinda!” waendesha toleka walijibu, bila kusimama.

Ijumaa walitoka wengine kumi na wanne. Chancelle aliwangojea upande wa Lubunga akiwa na sufuria kubwa ya samaki kwenye moto wake mwenyewe, na Noël kando yake akikata chikwangue, mkate wa muhogo. Walikula wote mpaka ikabaki mifupa.