Kinu Kitawashwa Alhamisi

Mwili wa baba yake Débora ulikuwa hospitalini, katika chumba cha maiti. Maziko yalipangwa Jumanne, lakini barabara ya Mahagi ilifungwa, na Serge, mdogo wake Débora, akakwama huko. Familia iliahirisha hadi Ijumaa. Ndege ya Débora ingeondoka Bunia Jumatano. Iliyofuata ilikuwa ya Jumamosi. Katika nchi nyingine, kinu cha nyuklia cha utafiti alichofanyia kazi kingewashwa Alhamisi kwa fueli mpya. Aliitayarisha siku hiyo kwa miaka sita.

Uani kwao, katika mtaa wa Saio, chini ya turubai la msiba, binamu yake Patou, aliyemwita yaya kama dada mkubwa, alimsogelea.

"Yaya, ile fueli ya zamani munatoa, iko na kosa gani?"

"Iko na uranium ya nguvu sana. Mutu akiiba, anaweza kutengeneza bombe. Ile ya mupya haiwezi."

"Kumbe munatia ya light! Sawa bière bila alcool."

Watu wawili waliicheka hiyo bia isiyo na kilevi.

"Kazi ni ile ile," Débora alisema. "Inaomba tu hesabu ingine."

Hesabu hiyo ilikuwa yake. Ilitabiri fimbo ya kudhibiti kinu ingeinuliwa hadi wapi ndipo kinu kiwake. Ikikosea, waliopinga fueli mpya wangepata hoja.

Tantine Lucienne, dada ya marehemu, alikuwa akichambua maharage. "Weye enda," alisema. "Baba yako alikusomesha juu ya ile. Siye tutamuzika."

"Watu watasema, tantine."

"Waseme. Watachoka."

Débora alisubiri ahisi kitu, ahueni au aibu. Hakuhisi kitu. Akarudi kwenye aliyoyajua. Hesabu inayomhitaji aliyeifanya asimame kando ya kinu ndipo itoke sawa, si hesabu. Kaburi lilikuwa jambo jingine: kwao, udongo wa kwanza hutupwa na mzaliwa wa kwanza, na huyo alikuwa yeye.

"Nabakia," alisema.

Alimpigia Gustave, mwenzake wa kazini. "Utawasha weye. Fuata karatasi. Usinipigie."

Alhamisi mchana ujumbe wa Gustave ulifika Débora akiosha vikombe vya wageni. Fimbo ilikuwa imesimama milimita mbili kutoka alipotabiri. Akajibu kwamba tofauti hiyo inakubalika, iandikwe.

"Iliwaka?" Patou aliuliza.

"Iliwaka."

"Na haukuwa kule."

"Sikuwa."

Ijumaa barabara ilikuwa bado imefungwa. Walizika bila Serge. Débora alitupa udongo, akapangusa mkono, akampisha tantine.