Mashine ya Dhahabu ya Badiru

Bwera nzima waliijua mashine ya kunyolea ya Badiru kinyozi, ingawa hakuna aliyewahi kuiona ikinyoa. Ilikaa ndani ya kabati la kioo, karibu na picha ya babu aliyemwachia: mpini mfupi, na kichwa cha kufunguka ambamo wembe hulazwa. Badiru aliisugua kwa majivu mwaka mzima mpaka ikawa njano, akatangaza kuwa ni dhahabu. Kisahani chake, kile chenye meno kinachoshikilia wembe, kilipigwa mhuri wa 1904. Basi hapo hakuna mteja aliyepona kusimuliwa habari zake.

Kidevu chake mwenyewe alikinyoa kwa viwembe vya plastiki vya kutupa, mlango umefungwa.

Jumamosi alikwenda Kasese kumposa Asmah, akaibeba. Mzee Sulaiti, baba yake Asmah, alikereza vyuma tangu ujana katika karakana ya mgodi wa Kilembe, na wachumba wawili alikwisha kuwarudisha.

"Mimi nitamnyoa ndevu kwa mkono wangu," Badiru alijigamba kwa mshenga wake Huzaifa, dereva aliyemwazima gari na kanzu pia. "Mzee atalia machozi."

"Umewahi kuitumia?"

"Huzaifa, dhahabu haifanyiwi mazoezi."

Chai ilipomiminwa, Badiru akaanza. "Muzee wangu, hii iko ya elfu moja mia tisa na nne. Dhahabu tupu!"

Sulaiti alimsikiliza kama anavyosikiliza injini mbovu. Akazungusha mpini mara mbili, vipande vitatu vikamwangukia kiganjani.

"Dhahabu gani, mutoto yangu? Hii ni shaba. Walipaka nikeli juu, nyeupe. Wewe umeichuna ngozi."

Huzaifa akakohoa ndani ya kikombe.

"Na mwaka je?" Badiru aliuliza.

"Ni mwaka ambao aliyeibuni aliandikisha umbo lake serikalini. Waliendelea kuupiga mhuri miaka na miaka. Zile za kwanza zilishika wembe kwa pini ndogo, na nyembe zake zilikuwa na matundu matatu. Hii iko na mwinuko mrefu hapa katikati. Ilikuja kama miaka ishirini na tano baadaye."

"Kumbe bado kijana," Asmah alisema, birika mkononi.

Masikio ya Badiru yaliwaka moto. Neno moja tu, "sikujua," lingemaliza mambo, na chai ingeendelea. Lakini neno hilo halikuwahi kupita kinywani mwake.

"Umri si kitu. Leteni maji nimunyoe muzee."

"Iunganishe kwanza."

Akashika kifuniko, akalaza wembe mpya aliokuja nao, akaweka kisahani chenye meno, akakaza mpini. Kisahani alikiweka juu chini. Sulaiti aliona. Asmah aliona.

"Iko sawa?" mzee aliuliza.

"Sawa kabisa."

"Tazama tena, mutoto yangu."

"Muzee, mimi ni kinyozi!"

"Haya. Anza na kidevu chako."

Badiru akajipaka sabuni, kichwa juu. Wembe, ambao haukubanwa kokote, ulicheza kama jino bovu. Mkwaruzo wa kwanza, damu. Wa pili, damu. Wa tatu, damu ikafika kifuani.

"Kanzu yangu!" Huzaifa alipiga kelele.

Asmah alimnyang'anya mashine, akaifungua, akageuza kisahani, wembe ukapinda kama upinde na kutulia. Akamnyoa baba yake shavu zima, safi kama sahani ya Idi.

"Huyu tumuambie nini?" mzee alimuuliza.

Asmah alimtazama mgeni, vipande vya gazeti vya kuzuia damu vimemganda kidevuni. "Kutojua si kosa, Baba. Lakini ameulizwa mara mbili, akasema sawa. Siku paa likivuja juu ya watoto, huyu atatuambia ni jua."

Akaifungua tena mashine, akamrudishia vipande vitatu ndani ya leso.

Wakashika njia ya kurudi Bwera. Walipofika Muhokya, Badiru alifungua leso, akageuza kisahani hivi, akakigeuza vile.

"Huzaifa... meno yanatazama wapi?"

Huzaifa alikanyaga breki katikati ya barabara.

"Hilo swali ungeliuliza asubuhi, sasa hivi ungekuwa na mchumba," alisema. "Na mimi ningekuwa na kanzu."